Wasifu wa Mama

Kwa shilingi elfu moja nachapa maisha ya watu
hapa Tukuyu, kibanda cha pili kutoka stendi,
mvua ikipiga bati hadi nauliza kwa kupayuka:
Jina kamili? Elimu? Uzoefu wa kazi?
Nimechapa madereva, walinzi, mabinti wa vyuo,
na fundi mmoja aliyetaka "mchapakazi" iandikwe mara tatu.
Leo kwenye kigoda cha wateja ameketi mama yangu,
Atuganile Mwakalobo, kanga kichwani, mikono mapajani,
kama mtu aliyetumwa kuchukua kitu cha mwenzake.

Alichuma chai miaka ishirini na sita.
Kisha ikaja mashine. Watu wawili huishika huku na huku
kama jeneza la mtoto, na kabla ya saa nne
imeshanyoa mlima.
Karani akasoma majina kwa kufuata alfabeti.
Kwa hiyo Atuganile alikuwa wa kwanza kurudi nyumbani.

Tangu siku hiyo vidonge vya presha vinalala koponi.
Nikimuuliza, hujibu:
"Dawa ni ya mtu anayeamka kwenda mahali."
Nimeficha chumvi. Akaitafuta, akaipata, akanyamaza.
Nimemwambia atembee. "Nitembee kwenda wapi?"
Sikuwa na jibu, nikafagia ua uliokwisha kufagiliwa.

"Umri?"
"Andika arobaini na nane."
"Mama."
"Wewe kwani nilikuandikishaje shule?
Mkono wako ulipitishwa juu ya kichwa uguse sikio,
haukufika, nikauvuta. Nani alilalamika?"
Naandika hamsini na saba.
Ananitazama namna ile ya kunihesabu mbavu.

"Ujuzi?"
"Sina."
"Mama. Ujuzi."
Anavitazama vidole, vyenye weusi wa utomvu
ambao hata limau lilishindwa.
"Najua jani lipi bado."

Hilo linaandikwaje?
Nachapa: Uzoefu katika udhibiti wa ubora.
Nafuta.
Nachapa alivyosema.

Nakala tatu. Mbili hazikujibiwa hadi leo.
Ya tatu aliipeleka mwenyewe Kyimo,
kwenye banda wanakofungasha maparachichi,
ameibana kwapani ndani ya mfuko wa sukari isilowe.
Msimamizi, kijana wa rika langu, hakuifungua bahasha.
Alimpa maparachichi mawili, mabichi, pacha kwa pacha,
akamuuliza lipi lisafiri.
Mama hakubonyeza. Alivigusa vikonyo kwa ukucha,
akarudisha moja:
"Hili lilichumwa likiwa limenuna."

Siku tatu kwa wiki, msimu tu, na kiti.
Kiti nilikiomba mimi kwa simu, maana miguu inamvimba.
Usimwambie.

Siku hizi saa kumi na moja alfajiri nasikia kopo,
kikombe, kikohozi kimoja,
kisha ndala zikibishana na tope hadi barabarani.
Si kila siku. Wiki iliyopita alisahau mara mbili,
na nesi alipofunga ile mpira mkononi
namba zilipanda, nesi akaguna, mama naye akamgunia.
Msimu ukiisha sijui.
Naye hajui. Tunaongelea bei ya mafuta ya taa.

Jumamosi alipita kibandani, amelowa hadi magotini,
akaweka mezani parachichi lenye kovu, lililokataliwa,
na juu yake noti ya elfu moja, mbichi kwa mvua.
"Ya kuchapa," akasema. "Sipendi deni."

Nikaandika risiti.
Akaisoma yote, hadi mhuri,
akaniambia nimekosea herufi moja kwenye jina lake.